Maziwa na Ujenzi wa Misuli: Kiasi Gani, na kwa Nani?

Maswali kuhusu maziwa na misuli huulizwa na makundi mawili yasiyofanana. La kwanza ni vijana wanyanyuao vyuma, ambao huambiwa kuwa atakaye kifua kipana hana budi kunywa lita tatu au nne kwa siku. La pili ni wazee na wagonjwa waliolala kitandani kwa muda mrefu, ambao mapaja yao yamesinyaa na kuinuka kitini kumekuwa shida. Kundi la kwanza mara nyingi hunywa kupita kiasi, na la pili hupungukiwa bila kujua. Makala haya yanalenga kumsaidia mgonjwa na mhudumu wa afya kupima jambo hili kwa hesabu badala ya uvumi.

Kilichomo ndani ya glasi

Glasi moja ya maziwa ya ng'ombe, yaani mililita 250, huwa na takriban gramu 8 za protini. Karibu asilimia 80 ya protini hiyo ni kasini, ambayo huganda tumboni na kusagwa polepole. Iliyobaki ni protini ya maji ya maziwa, ambayo huyeyuka na kufika katika damu upesi. Zote mbili zina asidi zote za amino ambazo mwili hauwezi kujitengenezea, ikiwemo lusini, inayoupa msuli ishara ya kuanza kujijenga.

Hata hivyo, ishara hiyo peke yake haitoshi. Msuli hubomolewa na kujengwa upya kila siku, na kinachouamuru ukue ni mzigo: kunyanyua, kusukuma, kuchuchumaa na kuinuka. Baada ya mazoezi ya namna hiyo, kasi ya ujenzi hupanda na kubaki juu kwa takriban siku nzima. Kwa hiyo si lazima maziwa yanywewe papo hapo baada ya zoezi. Jumla ya protini ya siku ndiyo yenye uzito zaidi. Anywaye maziwa mengi bila kufanya mazoezi huongeza nishati mwilini, na nishati isiyotumika huhifadhiwa kama mafuta.

Hesabu ya siku moja

Mtu mzima mwenye afya huhitaji takriban gramu 0.83 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Kwa afanyaye mazoezi ya nguvu, faida huongezeka hadi kufikia takriban gramu 1.6 kwa kilo. Zaidi ya hapo nyongeza huwa ndogo au haipo. Kijana wa kilo 60 basi atahitaji gramu 96 kwa ukomo wa juu.

Tutazame mlo wa kawaida. Asubuhi, glasi ya maziwa na mayai mawili: gramu 20. Mchana, ugali wa gramu 200 za unga wa mahindi na kikombe cha maharage yaliyopikwa: gramu 31. Jioni, wali na kipande cha samaki cha gramu 100: gramu 27. Kiganja cha karanga na glasi ya mtindi: gramu 16. Jumla ni gramu 94, bila kopo lolote la poda. Glasi mbili zimetosha kwa sababu hazikuachwa zifanye kazi peke yake.

Lita tatu za maziwa yasiyoondolewa mafuta hubeba takriban gramu 100 za mafuta, huku madini ya chuma yakiwa haba na nyuzinyuzi hakuna. Ajazaye tumbo kwa maziwa hukosa nafasi ya mboga, nafaka na maharage.

Kwa mzee, mahitaji hupanda hadi gramu 1.0 au 1.2 kwa kilo, kwa kuwa msuli wa uzeeni huitikia protini kwa uzito. Chai na mkate asubuhi havimtoshi. Glasi ya maziwa au uji uliopikwa kwa maziwa, pamoja na kuinuka na kukaa kitini mara kumi, asubuhi na jioni, ni mwanzo mwema usio na gharama kubwa.

Tahadhari

Watu wengi, baada ya utoto, hupungukiwa na kimeng'enya kisagacho laktosi, sukari iliyomo katika maziwa. Hivyo tumbo hujaa gesi au kuharisha. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kuwa jamii za wafugaji nchini Tanzania na Kenya zina mabadiliko ya vinasaba yanayowawezesha kusaga laktosi ukubwani, tofauti na yale ya watu wa Ulaya. Asiye na uwezo huo asijilazimishe: ajaribu nusu glasi pamoja na chakula, au mtindi, ambao laktosi yake imepungua.

Maziwa mabichi huweza kubeba vimelea vya brusela na vya kifua kikuu cha ng'ombe. Yachemshwe kwanza, kuchemsha hakuiondolei protini uwezo wa kujenga msuli.

Mgonjwa wa figo asiongeze maziwa wala protini nyingine kabla ya kushauriana na daktari wake. Vidonge vya madini ya chuma, tetrasaiklini na siprofloksasini visimezwe kwa maziwa, kwani kalsiamu huzuia dawa hizo kufyonzwa.

Mhudumu wa afya aulizwapo kuhusu maziwa, na aanze kwa maswali matatu: una uzito gani, unakula nini kwa siku, na misuli yako unaifanyisha kazi gani? Majibu ya maswali hayo ndiyo yatakayoonyesha idadi ya glasi.