Diski Kupata Pacha Wake



Kompyuta ya maktaba yetu ina diski moja iliyobeba alama zetu, orodha ya vitabu na insha za miaka mingi. Diski ni chombo kinachochakaa. Ikifa usiku mmoja, yote hayo yatakwenda nayo. Basi katika somo hili nitaeleza jinsi ya kuipatia diski kama hiyo pacha wake.

Fikra hii si ngeni. Mwaka 1988 wataalamu watatu wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, yaani David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz, walitoa makala juu ya kuunganisha diski nyingi za bei nafuu zifanye kazi kama moja. Utaratibu huo waliuita RAID. Namna iitwayo RAID 1 ndiyo ya kioo: kila linaloandikwa katika diski moja huandikwa pia katika ya pili. Moja ikifa, nyingine huendelea na kazi. Katika Linux hatuhitaji mtambo wa pekee. Tunatumia programu iitwayo mdadm.

Lakini kuna shida. Kuunda kioo huhitaji diski ambazo hazina kitu cha kuhifadhi, na yetu ya zamani imejaa. Tufanyeje? Tunaunda jozi ya diski mbili, kisha tunaiambia kompyuta kwamba mmoja wa wale wawili hayupo bado. Fuata taratibu hizi kwa diski ya kazi tu, maana ile inayowasha kompyuta ina mambo zaidi.

Kwanza, nakili kazi zote katika diski ya tatu, ukaiweke mbali.

Pili, funga diski mpya. Tazama majina kwa amri ya lsblk, wala usikisie. Tuseme ya zamani ni sda na mpya ni sdb. Tenga katika sdb sehemu moja iliyo sawa kwa ukubwa na ile ya zamani. Ukiifanya kubwa zaidi, baadaye diski ya zamani itakataliwa kwa kuwa ni ndogo.

Tatu, unda jozi pungufu:

mdadm --create /dev/md0 --level=1 --raid-devices=2 missing /dev/sdb1

Neno «missing» ndilo linaloshika nafasi ya yule asiyekuwapo.

Nne, andaa md0 kwa mkfs.ext4, uifungue katika folda yake, kisha nakili kazi zote kutoka diski ya zamani kwa amri ya cp -a. Wakati huo mtu yeyote asiandike kitu katika diski ya zamani.

Tano, linganisha nakala na asili yake kwa diff -r. Andika jozi katika mdadm.conf na fstab, halafu zima kompyuta na kuiwasha tena. Fungua faili kadhaa kwa macho yako mwenyewe.

Sita, ndipo uiondoe diski ya zamani katika matumizi na kuiingiza katika jozi:

mdadm --add /dev/md0 /dev/sda1

Hapa pana hatari kubwa kuliko zote. Amri hii hufuta yaliyomo katika diski ya zamani na kuandika juu yake yale ya diski mpya. Aliyeruka hatua ya tano, na nakala yake ina kasoro, amejiangamiza kwa mkono wake. Wazee walisema, usiache mbachao kwa msala upitao.

Sasa tazama /proc/mdstat. Alama iliyokuwa [_U] itageuka kuwa [UU] kazi ikiisha. Sehemu ya gigabaiti 500, kwa mwendo wa megabaiti 100 kila sekunde, huchukua sekunde 5,000, yaani saa 1 na dakika 23. Uwe na subira.

Mwisho, msidanganyike. Kioo hukinga kifo cha diski, hakikingi makosa ya mtu. Ukifuta insha yako, imefutika katika pacha wote wawili papo hapo. Kwa hiyo ile diski ya tatu isirudishwe kabatini ikasahauliwa. Inakiliwe upya kila juma. Diski huweza kununuliwa tena, lakini alama za miaka iliyopita haziuzwi dukani.