Simu Moja Katikati ya Darasa



Wazee wengi wa Pumwani, Kaloleni na Makadara wametuuliza: je, simu humsomesha mtoto au humpotezea wakati? Sisi twaona suali hili halijatimia. Kwanza yafaa kuuliza: mtoto huyo asoma pamoja na nani?

Tarehe 15 Machi 2020 Serikali ilitangaza kufungwa kwa skuli kwa sababu ya maradhi ya korona. Wanafunzi wa Gredi 4, darasa la 8 na kidato cha 4 walirudi tarehe 12 Oktoba; waliobaki walingoja mpaka tarehe 4 Januari 2021. Katika muda huo masomo yalitolewa kwa redio na televisheni. Redio ni chombo chema, lakini husema wala haisikii, mtoto aliyepotewa na hesabu hawezi kuisimamisha akaiambia, "Hapo sikufahamu."

Mlango mwingine ulikuwa Shupavu 291, masomo ya Eneza Education yaliyopelekwa kwa ujumbe mfupi katika mtandao wa Safaricom. Hayo hayakutaka intaneti wala simu ya thamani. Mwanafunzi alipata somo fupi, kisha maswali, na aliweza kumwandikia mwalimu asiyemwona naye akajibiwa.

Lakini tuliyoyaona kwa macho yetu katika nyumba moja ya Majengo ndiyo yaliyotufunza. Mtoto akiwa peke yake na simu hubahatisha: huandika A, kisha B, kisha C, mpaka aambiwe ni sawa, naye hakujua kwa nini. Basi tukaiweka simu moja katikati ya watoto watano wa nyumba ile, kwa sharti kwamba jawabu haipelekwi mpaka kila mmoja aseme yake na atoe hoja. Likaja suali: lipi kubwa, theluthi au robo? Wawili wakashika robo, kwani nne imeishinda tatu. Wakabishana sana (na sisi tukanyamaza, jambo lililo gumu kwa waalimu). Mwisho binti mmoja akatwaa chapati mbili, moja akaikata mafungu matatu na ya pili manne, akaweka fungu juu ya fungu. Ndipo jawabu ilipopelekwa.

Wala njia hii si ngeni kwetu. Chuoni mwanafunzi mkubwa humsomesha mdogo ubao wake, na kwa kusomesha huko mkubwa mwenyewe huzidi kuhifadhi.

Ama taabu ni hii: simu ni ya baba, na baba huondoka alfajiri kwenda Gikomba. Irudipo usiku, hupewa mvulana, na dada yake yumo jikoni aosha vyombo. Wazazi, hili liko mikononi mwenu. Halitaki fedha wala chombo kipya. Binti yule aliyekata chapati aliipata simu mara mbili tu katika juma lile. Kaka yake aliipata kila usiku.