Damu katika Mkojo wa Mwendesha Baiskeli: Somo kutoka Njia za Changarawe za Segese

Kata ya Segese, katika Halmashauri ya Msalala mkoani Shinyanga, imo katika ukanda wa dhahabu unaoendelea kuelekea Bulyanhulu na Geita. Malori ya migodi yana barabara yao. Maisha ya kila siku hupita kwingine: katika njia nyembamba za moramu na changarawe zinazokatiza miombo na ngitili, kisha zikashuka hadi kwenye mabonde ya udongo mweusi yenye majaruba ya mpunga. Chombo cha njia hizo ni baiskeli. Hubeba mkaa, madumu ya maji, magunia ya mpunga, wanafunzi na wagonjwa. Mwenye kuiendesha kwa kazi na mwenye kuiendesha kwa mazoezi hukutana katika bonde lile lile, na miili yao hupatwa na hatari zile zile.

Tuanze na mfano wa kufundishia. Mwezi Agosti, mwanamume wa miaka 27 anafika zahanati akisema kuwa ameona damu katika mkojo. Hana homa. Kila wiki huendesha baiskeli yenye mzigo mwendo mrefu, na maelezo anayo tayari: kiti ni kigumu, njia ni mbovu. Mhudumu aliyechoka aweza kuyapokea maelezo hayo, akampa dawa ya maumivu na kumwambia apumzike. Makala haya yanahusu sababu za kutofanya hivyo.

Maelezo ya kijana huyo si ya kipuuzi. Mazoezi mazito, yakiwemo ya baiskeli, yanaweza kweli kuleta damu kidogo katika mkojo, kwa kuwa damu hupungua kwenda kwenye figo wakati misuli inapofanya kazi, na kibofu na njia ya mkojo hutikiswa na kubanwa. Lakini damu ya namna hiyo ina tabia yake: hutoweka mtu akipumzika, kwa kawaida ndani ya saa 72. Ikirudi, au ikiendelea baada ya mapumziko, kiti cha baiskeli hakina kesi tena. Mkojo wa rangi ya kahawia iliyoiva, mithili ya chai ya rangi, baada ya safari ndefu juani, pamoja na misuli inayouma na kulegea, ni jambo jingine kabisa. Hiyo yaweza kuwa dalili ya misuli kuvunjika na kuziba figo. Mgonjwa huyo hasubiri kesho.

Sasa turudi bondeni. Kichocho cha mkojo husababishwa na minyoo iitwayo Schistosoma haematobium, ambayo Theodor Bilharz aliitambua mjini Cairo mwaka 1851. Katika nchi ya Wasukuma minyoo hiyo hulelewa na konokono wa jamii ya Bulinus, wanaoishi katika malambo, madimbwi na majaruba. Watu wengi hudhani kwamba lambo likikauka, ugonjwa nao umekwisha. Sivyo. Baadhi ya konokono hao hujificha katika tope lililokauka, wakangoja mvua. Maji yakirudi nao huamka, na mtu mmoja mwenye ugonjwa akikojoa humo, mzunguko huanza upya.

Mwendesha baiskeli hajihesabu kuwa ameoga lambo wala kuvua samaki. Amevuka tu. Hata hivyo, vijidudu vinavyotoka kwa konokono hupenya ngozi kwa dakika chache, na kwa aina hii ya kichocho hutoka kwa wingi zaidi karibu na mchana, saa ambazo jua limewaka na msafiri anatamani maji. Tena udongo mweusi hunata: hujaa chini ya madigadi hadi gurudumu likagoma kuzunguka. Msafiri hushuka, huisukuma baiskeli hadi kwenye dimbwi la karibu, akaiosha pole pole, yeye mwenyewe akisimama majini hadi magotini. Kwa maoni yangu, kuosha huko ni hatari kuliko kuvuka kwenyewe, kwani ndiko kunakochukua muda.

Mayai ya minyoo huanza kuonekana katika mkojo takribani miezi mitatu baada ya maambukizi, wakati mwingine zaidi. Ndiyo maana kijana wetu amekuja Agosti, njia zikiwa kavu na zenye vumbi, huku maji yaliyomdhuru ni ya Machi au Aprili. Mhudumu akiuliza kuhusu wiki iliyopita tu, hatapata kitu. Na aulize zaidi: je, damu huonekana mwishoni mwa kukojoa, katika matone ya mwisho? Je, kuna kuungua? Je, ilitoweka alipopumzika? Kwa mwanamke, aulize pia kama ni hedhi, kisha akumbuke kuwa kichocho hushambulia hata via vya uzazi na kuleta vidonda vinavyodhaniwa kuwa magonjwa ya zinaa. Wanawake wengi wameaibishwa bure kwa sababu ya dhana hiyo.

Kipimo ni chepesi. Mkojo hukusanywa kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, muda ambao mayai hutoka kwa wingi, na mwendo kidogo kabla ya kukojoa husaidia kuyatikisa yatoke. Mgonjwa aliyefika kwa baiskeli saa sita mchana, basi, ameleta sampuli nzuri kuliko yule aliyelala wodini.

Dawa ni prazikwanteli, miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito, baada ya chakula. Mtu wa kilo 60 humeza vidonge vinne vya miligramu 600 kwa mara moja. Dawa huua minyoo iliyokomaa, haiui michanga. Aliyevuka maji juzi atahitaji kutibiwa wiki 6 hadi 8 baada ya kuvuka huko. Kampeni zetu zimezoea kuwafuata watoto shuleni, na mbeba mkaa wa miaka 27 hayuko shuleni. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza dawa ya kinga itolewe kwa watu wote kuanzia umri wa miaka 2, watu wazima wakiwemo, katika jamii ambako angalau mtu mmoja kati ya kumi ameambukizwa. Damu ikibaki baada ya tiba, mgonjwa apelekwe hospitali ya rufaa achunguzwe kibofu, kwa maana kichocho cha miaka mingi huweza kuishia kwenye saratani.

Kwa msafiri, njia yenye daraja ni bora hata ikiongeza kilomita tano. Asiyekuwa na daraja avae buti za mpira, avuke upesi, na tope aliache likauke alikwangue kwa kijiti akifika penye bomba au kisima. Kujifuta kwa kitambaa baada ya kutoka majini si kinga ya kutegemewa. Maji ya bondeni yakichemshwa huua vijidudu vya kichocho, lakini yale ya karibu na mahali pa kuoshea dhahabu yasichotwe kabisa: moto hauondoi zebaki.