Namna ya Kumweleza Mhudumu Hitilafu ya M-Pesa

Swali: Mfanyabiashara wa soko la Karatina aliyetuma pesa kwa nambari isiyo sahihi amweleze nini mhudumu wa wateja ili asaidiwe haraka?

Jibu: M-Pesa, huduma ya pesa kwa simu iliyoanzishwa na Safaricom mwaka 2007, huupa kila muamala, yaani kila tendo la kutuma au kupokea pesa, msimbo wake wa herufi na tarakimu 10, nao ndio humwezesha mhudumu kuutambua muamala huo miongoni mwa mengine mengi. Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kupeleka ujumbe mzima wa uthibitisho, wenye msimbo huo, kwa nambari 456, inayopokea maombi ya kurudishiwa pesa, kabla mpokeaji hajazitumia.

Anayelazimika kupiga simu aeleze kwa mfuatano alichokusudia, kilichotokea, saa, kiasi na hatua alizokwisha kuchukua. Kauli kama "simu imekataa" haitoshi, kwa kuwa chanzo huenda ni mtandao, salio au nambari ya siri, na kila kimoja kina utatuzi wake. Ujumbe wa hitilafu usomwe neno kwa neno, kwani mhudumu haoni kioo cha simu ya mteja, na dhana ya mteja kuhusu chanzo ifuate dalili badala ya kuzitangulia. Nambari ya siri, hata hivyo, haitajwi kamwe, hata kwa anayejitambulisha kuwa mhudumu.