Muuzaji Asishike Hati ya Nyumba

Duka lile liko Mtaa wa Kongo, Kariakoo, linauza vitenge kwa jumla. Usiku nilikuwa nimeingia kwenye seva kama postgres nikaunda upya jedwali la mauzo. Asubuhi, wateja wa mikoani wamesimama na marobota yao, na kila muuzaji akibofya "Hifadhi" kioo kinamjibu: permission denied for table mauzo. Dada wa kaunta akavuta kaunta buku, akaanza kuandika kwa kalamu. Kwa haraka nikampa mtumiaji wa mfumo mamlaka yote ya kanzidata. Mauzo yakarudi, lakini nilikuwa nimeziba ufa kwa kubomoa ukuta: tangu saa ile, tundu moja kwenye tovuti lingetosha kufuta kila kitu.

Siku hizi nafanya hivi, kwa wanaotumia PostgreSQL.

1. Mmiliki awe mmoja, mtumiaji awe mwingine. Kariakoo hili halihitaji somo. Mwenye jengo ana hati, mpangaji ana fremu, muuzaji ana ufunguo wa droo. Kwenye PostgreSQL, anayeunda jedwali ndiye mmiliki wake, na nguvu ya kubadili muundo wake au kulifuta kabisa ni yake. GRANT ya jedwali haiigawi. Basi tengeneza watumiaji wawili: mwenye_duka, anayeunda na kumiliki majedwali yote, na muuzaji, ambaye tovuti inaingia kwa jina lake. Nywila ya mwenye_duka isikae kabisa kwenye faili za tovuti.

2. Angalia kabla ya kugusa. Ndani ya psql, \dt inakuonyesha mmiliki wa kila jedwali, na \dp inakuonyesha nani ana ruhusa gani. Ningezitazama asubuhi ile, ningeona jina postgres limekaa pasipo pake.

3. Mpe muuzaji cha kazi yake tu.

GRANT SELECT, INSERT ON mauzo TO muuzaji;

DELETE simpi. Mzigo ukirudishwa, unaandikwa mstari mpya wa marejesho, na hesabu ya tajiri inabaki na historia yake. Namba za risiti zikitoka kwenye sikwensi ya serial, ongeza GRANT USAGE kwenye sikwensi hiyo, la sivyo INSERT itakataa ingawa jedwali limeruhusiwa. Hapa wengi hupoteza jioni nzima.

4. Winga aone bei ya kuuzia, basi. Winga anayesimama njiani kuleta wateja anahitaji kujua kilichopo na bei yake. Bei ya kununulia Guangzhou ni siri ya tajiri. Ruhusa inaweza kutolewa kwa safu mojamoja:

GRANT SELECT (jina, bei_ya_kuuza) ON bidhaa TO winga;

Kama ulishampa SELECT ya jedwali zima, kumnyang'anya safu moja hakutafanya kitu. Iondoe kwanza ile ya jedwali, kisha utoe upya. Fanya hivyohivyo kwa namba za simu za wateja. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na duka linalokusanya namba hizo linawajibika kuzilinda.

5. Fikiria majedwali ambayo hayajazaliwa. GRANT ya leo haigusi jedwali la kesho. Tumia:

ALTER DEFAULT PRIVILEGES FOR ROLE mwenye_duka IN SCHEMA public GRANT SELECT, INSERT ON TABLES TO muuzaji;

Inafanya kazi kwa majedwali yatakayoundwa na mwenye_duka tu. Ukiingia kama postgres na kuunda moja usiku, utarudi palepale nilipokuwa mimi.

6. Fundi akiondoka, hamisha mali kwanza. Maduka mengi yana majedwali yanayomilikiwa na kijana aliyeshaacha kazi. Ingia kwenye kila kanzidata aliyofanyia kazi, uandike REASSIGN OWNED BY fundi TO mwenye_duka. Baada ya hapo ndipo DROP OWNED BY fundi, inayoondoa ruhusa zake zilizobaki, na mwisho DROP ROLE. Usigeuze mpangilio huo, nakusihi: DROP OWNED ikitangulia, majedwali anayomiliki yanafutwa pamoja na mauzo yote yaliyomo.

7. Wa MySQL, huko jedwali halina mmiliki. Kuna ruhusa tu. Vidokezo vya 3 na 4 bado vinawahusu.

8. Jaribu kabla duka halijafunguliwa. Andika SET ROLE muuzaji, ingiza mauzo ya majaribio, kisha jaribu kuyafuta. INSERT ikipita na DELETE ikajibiwa permission denied, hapo mwambie dada wa kaunta awashe kompyuta.