Admini Amekutoa: Kabla Hujajibu

Watu wengi wanaotolewa kwenye grupu la WhatsApp, wanaofutiwa makala Wikipedia au wanaofungiwa akaunti Facebook hupoteza kesi yao ndani ya saa ya kwanza, tena kwa mkono wao wenyewe. Wanaandika damu ikiwa inachemka. Wanamwita admini dikteta mbele ya watu mia mbili, kisha wanashangaa mbona hawarudishwi. Admini huyo, hata kama moyoni ameshaona kwamba alikosea, sasa hawezi kurudi nyuma bila kuonekana ametishwa. Ushauri wangu wote umesimama juu ya jambo hilo: andika na utende kwa namna itakayomruhusu aliyeamua kubadili uamuzi wake bila kuaibika.

Kwanza jua ni nani aliyeamua, maana si kila kilichopotea kimefutwa na mtu. Kwenye WhatsApp, admini akifuta ujumbe wako, mahali pake hubaki maandishi yanayosema umefutwa na admini, na jina lake likiwepo. Wikipedia ina kumbukumbu za ufutaji zinazoonyesha aliyefuta, saa aliyofuta na sababu aliyoandika, hata kama ni neno moja tu. Kwenye magrupu ya Facebook mambo ni tofauti. Admini anaweza kuiachia programu ikatae machapisho yenyewe, kwa mfano yote yenye viungo au yote yanayotoka kwenye akaunti changa, kwa hiyo huyo unayemlaani pengine yuko kazini na hajaliona kabisa chapisho lako.

Facebook na Instagram zenyewe nazo hufuta mambo mengi kwa mashine. Oktoba 2020 mtumiaji mmoja wa Instagram nchini Brazil aliweka picha za kuonyesha dalili za saratani ya matiti, katika mwezi unaotumika kuhamasisha watu wapime ugonjwa huo. Mashine ikaona chuchu, ikafuta. Kanuni za kampuni inayomiliki mitandao hiyo zilikataza chuchu za wanawake, lakini ziliruhusu wazi picha za kuelimisha kuhusu saratani ya matiti. Shauri lilipochukuliwa na Bodi ya Usimamizi, chombo kinachosikiliza rufaa za mitandao hiyo, kampuni ilikiri kosa na kuzirudisha picha. Bodi haikuishia hapo, ikatoa uamuzi wake Januari 2021 na kuisema kampuni kwa kuiachia mashine kazi hiyo bila usimamizi wa kutosha wa watu. Mwenye picha hakuhitaji kuthibitisha kwamba kuna mtu anamchukia. Ilitosha kuonyesha kanuni ilivyosema.

Kwa hiyo soma kanuni mpaka mwisho. Watu husoma katazo, wakaishia hapo, wakati mistari inayofuata ndiyo inayotaja kinachoruhusiwa. Grupu la WhatsApp nalo mara nyingi huwa na kanuni kwenye maelezo yake, pale juu ambapo hakuna anayegusa tangu siku alipoungwa. Kama hazipo kabisa, hoja yako itategemea mazoea ya grupu: mambo kama lako yamekuwa yakiruhusiwa? Ukitoa mfano, toa mmoja, na usimtaje mwenzako aliyeachwa. Ukimtaja umetengeneza adui wa pili, na admini atapata kazi ya kumtetea huyo badala ya kukusikiliza wewe.

Halafu hifadhi ushahidi kabla hujaongea na mtu. Piga picha za skrini zinazoonyesha ujumbe wako, ulichokuwa unakijibu, saa na tarehe. Usikate kipande kinachokuumbua, kwa sababu wenzako nao wana picha zao, na siku kipande hicho kikitokea, hakuna atakayeamini kilichobaki. Ukitolewa kwenye grupu la WhatsApp, mazungumzo ya nyuma hubaki kwenye simu yako, ila usilifute grupu hilo kwa hasira. Kwenye Wikipedia huna haja ya picha yoyote kama ukurasa bado upo, kwa kuwa historia ya ukurasa inatunza kila badiliko la kila mtu.

Sasa barua yenyewe. Iende inboksi, kwa aliyeamua, baada ya kulala usingizi wa usiku mmoja. Chukua mfano wa grupu la mtaa, ambalo admini wake ni mjumbe wa nyumba kumi. Mkazi mmoja ameuliza fedha za ulinzi shirikishi zimekwenda wapi, ujumbe umefutwa naye katolewa. Anaweza kuandika hivi:

"Shikamoo Mjumbe. Jana usiku ujumbe wangu kuhusu michango ya ulinzi ulifutwa, nami nikatolewa kwenye grupu. Nimerudia kusoma kanuni zetu. Ya tatu inakataza kumtuhumu mtu kwa jina, na ni kweli sentensi yangu ya mwisho ilimtaja mweka hazina. Hiyo naafiki iondoke. Swali la mapato na matumizi ya mwezi uliopita halimtaji mtu yeyote, na naona liko ndani ya kanuni. Naomba nirudishwe, nitaliuliza upya bila jina. Kama kuna kanuni nyingine niliyoivunja, naomba unielekeze."

Ni maneno machache, na hakuna hata moja la kumpamba Mjumbe. Barua imetaja kilichotokea bila kukipa jina la dhuluma. Imekubali kosa dogo lililo la kweli, na hilo ndilo linalomfungulia Mjumbe mlango, kwa sababu akimrudisha mkazi huyu atasema kanuni imefuatwa, wala hatasema ameshindwa. Imeomba jambo moja linaloweza kufanyika leo. Na swali la fedha limebaki pale pale. Hapa ndipo watu wengi wanaponielewa vibaya nikisema andika kwa upole: wanadhani nawaambia waache hoja. Ukiacha hoja umeomba msamaha tu, na msamaha wa kosa ambalo hukulifanya utakugeukia siku nyingine kama ushahidi.

Usiandike kama wakili. Vitisho vya mahakama kwa admini wa grupu la mtaa ni kichekesho, na kama si kichekesho vinamfanya anyamaze kabisa. Tena kumbuka kwamba mara nyingi admini anafuta kwa woga zaidi kuliko kwa chuki. Tanzania, kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 ziliwapa watoa maudhui saa 12 kuondoa kilichokatazwa wakishaarifiwa, na zile za 2020 zikashusha hadi saa 2. JamiiForums, jukwaa kubwa lenye wanasheria wake, lililazimika kujifunga kwa muda Juni 2018 kwa ajili ya masharti ya leseni. Mtu aliyeyashuhudia hayo, kisha akaona jina la kiongozi likitajwa kwenye grupu lake usiku wa manane, atafuta kwanza na kufikiri kesho. Ukimwonyesha namna ya kuuliza swali lako bila kumweka yeye hatarini, umemtatulia shida yake pamoja na yako.

Mpe siku tatu nne. Asipojibu, mkumbushe kwa mstari mmoja. Akiendelea kunyamaza, tafuta mtu wa katikati, na hapa sisi tuna utajiri ambao hakuna fomu ya kampuni inayoufikia. Kwenye grupu la ukoo yuko shangazi ambaye hakuna anayembishia. Kwenye grupu la waliosoma pamoja yuko kiranja wa zamani, na kwenye la wafanyabiashara wa soko yuko mwenyekiti. Mtumie ujumbe ule ule uliomtumia admini, bila kuongeza chumvi, na umwombe aulize tu kama jambo linaweza kuangaliwa upya. Usimpe kazi ya kukutetea. Mtu wa katikati akishaonekana ni wako, thamani yake imekwisha.

Wikipedia ya Kiswahili ina utaratibu wake, na wageni wengi huumia kwa kutoujua. Wasimamizi wake huitwa wakabidhi, na ni watu wa kujitolea wasiolipwa. Makala nyingi hufutwa kwa sababu hazina vyanzo, zinamtangaza mtu au biashara, au ni tafsiri ya kompyuta isiyosomeka. Nenda kwenye ukurasa wa majadiliano wa mkabidhi aliyefuta, uliza kwa jina la makala, utie sahihi. Kubishana kwamba mada ni muhimu hakusaidii sana. Kinachosaidia ni kuleta vyanzo viwili vitatu visivyotoka kwa mhusika mwenyewe, mfano gazeti au kitabu, na kuomba maandishi yarejeshwe kwenye ukurasa wako wa mtumiaji ili uyarekebishe. Makala iliyofutwa haijateketea, wakabidhi bado wanaweza kuiona na kuirudisha. Ombi la namna hiyo ni gumu kulikataa, kwa kuwa halimlazimishi mkabidhi kusema alikosea.

Kwa mitandao mikubwa, mlango wa kwanza ni kitufe cha kuomba uamuzi ukaguliwe upya, nacho kinapatikana kwenye taarifa uliyotumiwa au kwenye sehemu ya hali ya akaunti. Ukipewa nafasi ya kueleza, eleza muktadha ambao mashine haiwezi kuujua: kwamba neno hilo kwenu ni utani wa watani, kwamba picha ni ya msiba, kwamba ulikuwa unanukuu matusi ili kuyakemea. Ukishindwa hapo, rufaa kwa Bodi ya Usimamizi inatakiwa ndani ya siku 15 tangu uamuzi wa mwisho wa kampuni. Bodi huchagua mashauri machache sana, kwa hiyo peleka, lakini usikae ukiisubiri. Ndugu zetu walioko Umoja wa Ulaya wana haki zaidi. Sheria ya Huduma za Kidijitali, inayotumika kwa ukamilifu tangu Februari 2024, inaitaka mitandao itoe sababu ya kufuta, ipokee malalamiko kwa angalau miezi 6, na isiyaamue kwa mashine peke yake. Kama unaishi Hamburg au Antwerp na unafunguliwa na kufungiwa bila maelezo, taja sheria hiyo.

Je, kupiga kelele hadharani? Wakati mwingine, ndiyo. Juni 2019 shirika la Wikimedia Foundation lilimfungia kwa mwaka mmoja mkabidhi wa Wikipedia ya Kiingereza aliyejulikana kwa jina la mtandaoni Fram. Ushahidi ulikuwa wa siri, kamati ya usuluhishi iliyochaguliwa na wanachama haikupewa kesi hiyo, na hakukuwa na rufaa. Jumuiya ikawaka, na wakabidhi kadhaa wakajiuzulu. Hatimaye kesi ilikabidhiwa kwa kamati, na Septemba 2019 kifungo kikaondolewa. Tazama lakini kelele zile zilidai nini. Baadhi ya waliolalamika walikuwa hawampendi Fram na walikiri kwamba alikuwa mkali kwa watu. Walichokidai ni utaratibu: aliyeshtakiwa aelezwe kosa lake, na asikilizwe na chombo wanachokitambua. Na kamati ilipoondoa kifungo, haikumrudishia madaraka ya ukabidhi. Wangekuwa wamesimama na dai la kwamba Fram hana kosa, sidhani kama wangefika mbali.

Basi ukiamua kutoka hadharani, hakikisha umeshagonga milango ya ndani, na dai lako liwe ambalo hata asiyekupenda anaweza kulitia sahihi. Usichapishe mazungumzo ya inboksi ya admini. Usichapishe namba yake. Watu watasoma hilo kwanza na kusahau ulichofanyiwa.

Kama aliyetolewa ni mwenzako, wewe uliyebaki ndani una nguvu kuliko yeye, maana sauti yako bado inasikika. Swali moja linatosha: "Admini, naomba kufahamu ni kanuni ipi imevunjwa, ili na sisi tusiirudie." Hilo halimpingi mtu, ila linalazimisha sababu itajwe mbele ya wote. Mafuriko ya vikaragosi vya kulia hayafanyi hivyo. Wiki ikipita na hali imetulia, pendekeza kanuni ziandikwe, admini wawe zaidi ya mmoja, anayesikiliza malalamiko awe tofauti na aliyetoa adhabu, na adhabu ziwe na muda. Mapendekezo haya yakitolewa siku ya ugomvi huonekana ni mapinduzi.

Kuhusu kurudi kwa mlango wa nyuma, kwa namba ya mdogo wako au ID mpya: usifanye. Jukwaani utatambulika kwa maneno yako kabla ya jioni, na Wikipedia ina watu wenye zana za kuchunguza akaunti zinazotumiwa na mtu mmoja. Kifungo cha wiki kinageuka cha maisha, na safari hii kwa haki.

Jibu likiwa hapana, uliza mambo mawili tu: adhabu inaisha lini, na lini unaruhusiwa kuomba tena. Kwenye mtandao mkubwa, pakua nakala ya picha na maandishi yako wakati akaunti bado inafunguka. Kwenye grupu, jua kwamba una haki ya kuanzisha lako, mradi useme wazi ni lipya na kila anayeingia aingie kwa kiungo kwa hiari yake, bila kuungwa usiku akiwa amelala.