Viongozi wa wanafunzi na amana ya sadaka

Jumuiya ya wanafunzi wa Kiislamu ikipata viongozi wapya, jambo la kwanza wanalofikiria ni darsa, la pili ni kuchangisha. Ni jambo jema. Kijana wa miaka 17 anaposimama baada ya swala ya Adhuhuri akawaambia wenzake kuwa kuna ndugu yetu hana viatu vya shule, hapo amejifunza uongozi kuliko katika semina nyingi tunazowapeleka.

Wapo wazazi wanaohoji michango hii ni ya nini, maadamu ada ilifutwa mwaka 2016 kwa kidato cha kwanza hadi cha nne, na mwaka 2022 kwa cha tano na sita. Kweli, ada ilifutwa. Nauli haikufutwa, wala sare, wala madaftari, wala chakula cha mchana. Anayefundisha shule ya kutwa anawajua watoto wanaokosa shule kwa ajili ya nauli tu.

Tuna kigezo katika jambo hili. Katika Sahih Muslim, Jarir bin Abdillah (r.a.) anasimulia kuwa walikuja Madina watu wa kabila la Mudhar, miguu mitupu, wamevaa mablanketi yaliyotobolewa. Uso wa Mtume (s.a.w.) ulibadilika kwa kuona ufukara wao. Baada ya swala akawahutubia watu na kuwahimiza watoe sadaka. Akaja mtu mmoja wa Ansari na mfuko mzito ambao mkono wake ulikaribia kushindwa kuubeba, watu wakafuatia, mpaka yakapatikana mafungu mawili ya chakula na nguo. Viongozi wetu huipenda sana hadithi hii wanapochangisha. Wanachosahau ni kuwa waliokusanyiwa walikuwa pale pale, na kilichotolewa kilikuwa wazi mbele ya macho ya waliotoa.

Nasema hivi kwa sababu yalinikuta mimi mwenyewe nikiwa mlezi wa jumuiya. Tulikusanya sh. 86,000 kwa ajili ya binti wa kidato cha pili aliyefiwa na baba yake. Kabla hazijatumika, likatokea kongamano la wanafunzi mkoa wa jirani, na basi likataka malipo ya awali. Amiri akanijia: "Ustadhi, tuchukue elfu arobaini, watakaosafiri wakilipa tunarudisha." Nikamwambia sawa. Waliosafiri hawakulipa wote. Zile zilizobaki ziliisha kwa sare na viatu, na mama yake alipokuja kuomba nauli hapakuwa na kitu. Binti akakaa nyumbani siku tisa. Hakuna aliyekula pesa ile, wala Amiri hakuwa mwizi. Lakini Ijumaa iliyofuata kikapu kilirudi na sh. 1,300.

Kosa langu lilikuwa la elimu, nami ndiye mwalimu. Mchangishaji ni wakala wa waliotoa. Kilichotolewa kwa ajili ya yatima hakikopeshwi basi, hata basi liwe linakwenda kwenye jambo la kheri, mpaka wenyewe waridhie. Mtume (s.a.w.) alimtuma Ibn al-Lutbiyya kukusanya zaka za Bani Sulaym, na aliporudi akamfanyia hesabu. Huyo ni sahaba, na sisi tunaona haya kumwuliza mweka hazina wa kidato cha tatu!

Aliyetutoa hapo ni mweka hazina mpya, kijana mkimya ambaye wengi hawakumtaka kwa sababu hajui kuhutubia. Alinunua daftari, na kila Ijumaa akawa anasoma: zilizokuwepo, zilizoingia, zilizotoka, zilizobaki. Akisoma hata wiki ambayo haikuingia senti. Wengine walimcheka. Baada ya muhula mmoja michango ilirudi.

Likazuka swali gumu, nalo aliliuliza Amirat: tukisoma kila kitu, si tutamwaibisha anayesaidiwa? Allah (s.w.) anatufundisha katika Suratul Baqara aya ya 271 kuwa kuificha sadaka unapowapa mafakiri ni bora zaidi, na aya ya 264 inakataza kuibatilisha kwa masimango na maudhi. Tulikubaliana kuwa kiasi kisomwe, jina lisisomwe. Jina walijue watu watatu: Amirat, mweka hazina na mlezi. Kabla ya hapo tulikuwa tukimsimamisha mtoto mbele, tunampa bahasha, tunapiga takbira. Sijui tulikuwa tunamfurahisha nani.

Mengine ni madogo lakini yafanywe: mkuu wa shule ajulishwe kabla, zaka ya mzazi iwekwe mbali na sadaka kwa kuwa ina watu wake wanane (9:60), na pesa za simu zisiingie kwenye laini ya mtu binafsi, hata awe ustadhi.

Ile elfu arobaini tulirudisha mimi na Amiri, nusu kwa nusu. Yeye alibeba matofali likizo nzima ya Juni kupata sehemu yake. Siku ilipotimia aliomba aisome mwenyewe kwenye daftari, mbele ya wote, na sababu ya deni.